Simu Inaimba Lakini Hainisikii: Uchambuzi wa Kisa cha Kicheza Muziki na Msikilizaji Mwenye Uoni Hafifu

Kisa ninachokieleza hapa kinamhusu mwalimu mstaafu wa kwaya ambaye glakoma imempunguzia uoni kidogo kidogo kwa miaka mingi, kiasi kwamba jicho lake la kulia halioni tena na la kushoto limebakiwa na sehemu ndogo ya katikati, mithili ya mtu anayechungulia ndani ya bomba. Mchana wenye mwanga mzuri husoma mwenyewe maneno machache yaliyokolezwa; jioni, jicho likichoka, huwasha kisoma skrini cha TalkBack, programu inayotamka kwa sauti kilicho chini ya kidole, na kuiendesha simu yake ya Android kwa kusikiliza. Mimi sioni kabisa tangu utotoni, na kazi yangu ni kuwafundisha watu kutumia simu kwa kisoma skrini. Yeye huniita mwanangu nami humwita Mwalimu, ingawa katika mambo ya simu mwanafunzi ni yeye. Ameniruhusu nieleze yaliyompata bila kumtaja jina. Programu iliyohusika nayo sitaitaja, kwa sababu makosa yaliyokuwamo nimeyakuta katika programu nyingine nyingi, na ninachotaka kieleweke ni jinsi makosa hayo yanavyozaliwa na jinsi yanavyoondolewa.

Mwalimu ana rekodi za mazoezi ya kwaya alizozihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Kisa kilipoanza alikuwa akishughulika na moja tu, yenye urefu wa dakika 62, ambamo waimbaji wa alto wanayumba katika kipande cha sekunde nane kinachoanza dakika ya 41 na sekunde ya 10. Alitaka kukisikiliza kipande hicho tena na tena hadi atambue nani anatangulia na nani anashusha noti, kisha ampelekee maelekezo mwalimu aliyeshika nafasi yake. Kazi ya namna hiyo aliizoea. Kwa miaka minne alikuwa ametumia kicheza muziki kilekile, ambacho chini ya jina la wimbo kilikuwa na vitufe vilivyoandikwa kwa maneno, kimojawapo kikiwa “Rudi sekunde 10”. Aliweka kidole juu ya kitufe hicho, akasikiliza kipande, akagusa mara mbili, akasikiliza tena, na kidole hakikulazimika kuhama.

Usiku mmoja, simu ikiwa kwenye chaji, programu ilijisasisha yenyewe. Asubuhi yake Mwalimu alinipigia na kusema maneno ambayo nimeyafanya kuwa kichwa cha uchambuzi huu: “Mwanangu, simu inaimba lakini hainisikii.”

Skrini mpya ilivyosikika

Nilipoishika simu hiyo nilifanya kile ambacho kila mtumiaji wa kisoma skrini hufanya mbele ya programu asiyoijua: niliburuta kidole polepole kutoka juu hadi chini ili nisikie kuna nini. Jina la faili lilisomwa vizuri. Picha kubwa ya katikati, ile inayoshika nafasi ya jalada la albamu, haikutajwa kabisa. Kidole kilipita juu yake kama kinapita juu ya kioo kitupu. Kwenye safu ya chini nilikuta vitu vitano, na kisoma skrini kilivisoma vyote vitano kwa namna moja: kitufe, hakina lebo, kitufe, hakina lebo, hivyo hivyo hadi mwisho wa safu. Kwa kubahatisha tuligundua kwamba cha katikati ndicho cha kucheza na kusitisha, vya jirani yake ni vya wimbo uliotangulia na unaofuata, na vya pembeni ni vya kuchanganya nyimbo na kurudia. Hivi viwili vya pembeni vilikuwa na tatizo la ziada, kwa sababu hali yake ya kuwashwa au kuzimwa ilioneshwa kwa rangi peke yake. Aliyekigusa kitufe cha kuchanganya bila kuiona rangi hiyo hakuwa na njia ya kujua amekiwasha au amekizima, mpaka wimbo umalizike na mwingine uanze.

Hayo tungeyavumilia kwa muda, maana vitu vitano mtu anaweza kuvikariri. Kilichomshinda Mwalimu kilikuwa kihesabu muda. Wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, walikuwa wamekiweka katika hali inayokiamuru kisoma skrini kitangaze kila badiliko la maandishi bila kuombwa. Hali hiyo ina manufaa mahali pake, kwa mfano pale ujumbe wa kosa unapojitokeza ghafla na mtumiaji anapaswa kuusikia papo hapo; lakini maandishi ya kihesabu muda hubadilika kila sekunde. Kwa hiyo rekodi ilipoanza kucheza, kisoma skrini nacho kilianza: dakika sifuri sekunde moja, dakika sifuri sekunde mbili. Kufikia dakika ya 41 maneno yenyewe yalikuwa marefu kuliko sekunde iliyokuwa ikitajwa, na kisoma skrini kikawa kinajikata katikati ya tamko ili kuanza jipya: dakika arobaini na moja sekunde ku—, dakika arobaini na moja sekunde ku—. Tena simu ya Mwalimu ilikuwa imewekwa ipunguze sauti ya muziki kila kisoma skrini kinapozungumza, mpangilio ambao kwa kawaida ni msaada mkubwa. Sasa kwa kuwa kisoma skrini hakikunyamaza, muziki ulizama na kuibuka, ukazama na kuibuka, na waimbaji wa alto aliokuwa akiwatafuta wakawa chini ya maji muda wote.

Jambo la tatu ndilo lililochukua muda mrefu kulielewa. Kitufe cha kurudi sekunde 10 hakikuwapo tena mahali popote. Mwalimu aliamini kimeondolewa, nami niliamini hivyo, hadi mjukuu wake aliyeijaribu programu kisoma skrini kikiwa kimezimwa alipogundua kwamba ukigonga mara mbili upande wa kushoto wa picha, rekodi hurudi nyuma sekunde 10, na ukigonga upande wa kulia husonga mbele. Yaani kitendo chenyewe kilibaki, ila kilihamishiwa kwenye ishara ya vidole isiyoandikwa popote. TalkBack ikiwa imewashwa, kugonga mara mbili ni ishara yake yenyewe, ile inayotekeleza kitu kilicholengwa, na programu haipokei mguso huo kama ilivyokusudia. Picha nayo, kwa kuwa haikutambulishwa kwa kisoma skrini, isingeweza hata kulengwa. Ishara hiyo ilikuwapo kwa kila mtu mwenye simu, isipokuwa kwa wale ambao kisoma skrini ndicho kidole chao.

Sikio moja, kazi mbili

Watu wengi wanaozungumzia ufikivu, yaani programu kuweza kutumiwa na watu wenye ulemavu, hufikiri kwamba kazi imekwisha pale kila kitu kwenye skrini kinapokuwa na jina linalotamkwa. Kwa programu ya benki au ya kusoma habari, fikra hiyo inatosha kwa sehemu kubwa. Kwa kicheza muziki haitoshi, na kisa cha Mwalimu kinaonesha kwa nini. Anayeona huutazama muziki kwa macho na kuusikiliza kwa masikio. Anaweza kuangalia zimebaki dakika ngapi, akatafuta wimbo unaofuata, akasoma jina la mtunzi, na wakati huo wimbo unaendelea bila kuguswa. Asiyeona ana mlango mmoja tu, na ndio huohuo unaopitisha wimbo. Kila neno linalosemwa na simu linachukuliwa kutoka kwenye wimbo. Hivyo kicheza muziki kisichosema kitu humfungia msikilizaji nje, na kile kinachosema kila kitu humnyang’anya alichokuja kukisikiliza.

Vifaa vya zamani vililitatua jambo hili bila hata kulitaja, kwa sababu vilikuwa na vitufe vya kushika. Kwenye kompyuta, wasioona wengi walipenda Winamp, programu ya kucheza muziki iliyotoka mwaka 1997, kwa kuwa vitufe vitano vinavyofuatana kwenye safu ya chini ya kibodi, kuanzia Z hadi B, vilirudisha wimbo uliotangulia, vikacheza, vikasitisha, vikasimamisha na vikapeleka wimbo unaofuata. Vidole vilijua njia na hapakuwa na haja ya neno lolote. iPod nano ya mwaka 2008, kicheza muziki cha mfukoni cha Apple, ilikuja na menyu zinazotamkwa. iPod shuffle ya mwaka 2009, ambayo haikuwa na skrini kabisa, ilitaja jina la wimbo na la mwimbaji pale tu msikilizaji alipobonyeza na kushikilia kitufe kilichokuwa kwenye waya wa vipokea sauti. Ukiuliza, unajibiwa. Mwaka huohuo wa 2009 VoiceOver, kisoma skrini cha Apple, ilifika kwenye simu kupitia iPhone 3GS, na TalkBack nayo ikaingia kwenye Android, na tangu hapo kioo laini kisicho na alama kimekuwa kikitumiwa na watu wasiokiona. Hayo ni mafanikio makubwa ambayo nayashukuru kila siku ninapofungua simu yangu. Hata hivyo mafanikio hayo yanategemea kila programu itekeleze sehemu yake, kwani kisoma skrini husoma kile tu ambacho programu imekitaja.

Hesabu ya kitelezi

Baada ya kitufe kupotea, njia pekee iliyobaki ya kurudi nyuma ndani ya rekodi ilikuwa kitelezi, ule mstari mrefu unaoonesha wimbo umefika wapi. Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu uzito wa kisa umejificha humo.

Kitelezi cha kawaida cha Android, msanidi asipokipa maelekezo mengine, husomwa kwa asilimia na husogezwa na kisoma skrini kwa hatua ya asilimia 5. Kwa wimbo wa dakika nne, asilimia 5 ni sekunde 12, hatua ambayo mtu anaweza kuishi nayo. Kwa rekodi ya dakika 62, asilimia 5 ni dakika 3 na sekunde 6. Mwalimu alikilenga kitelezi na kukisogeza mbele hatua 13 kutoka mwanzo. Kikamwambia “asilimia 65”, neno ambalo halimsaidii mtu anayetafuta dakika ya 41, na kikamweka kwenye dakika ya 40 na sekunde ya 18. Akasubiri hadi kipande kikapita. Alipotaka kukisikia tena akarudi hatua moja, na hatua hiyo moja ikamrudisha dakika 3 na sekunde 6, maana yake ilimbidi asubiri dakika 2 na sekunde 58 ili afike tena kwenye sekunde nane anazozihitaji. Kukisikia kipande mara kumi zaidi kungemgharimu karibu nusu saa ya kusubiri. Hata angeweza kuingiza asilimia kwa tarakimu, asilimia moja ya rekodi hiyo ni zaidi ya sekunde 37. Watumiaji wa iPhone nao hawako salama, kwa kuwa huko kitelezi cha kawaida kinaposogezwa kwa VoiceOver huruka asilimia 10, ambazo kwa rekodi hii ni dakika 6 na sekunde 12.

Anayeona huburuta kitelezi kwa kidole na kukiachia anapotaka, tena akiona namba zikibadilika. Ndiyo sababu kasoro hii haionekani na wanaoitengeneza programu, na ndiyo sababu hata orodha nyingi za ukaguzi huipitisha: kitelezi kina jina, kina thamani, kinasogezwa, basi kimefaulu. Nimewahi kukutana na watu wanaosikiliza mahubiri, mihadhara na vitabu vya kusikiliza vya saa nyingi, ambao wamekwisha kukata tamaa na kitelezi na huanza upya kila wanapopoteza mahali, wakidhani ndivyo dunia ilivyo. Haipasi kuwa hivyo, kwa sababu msanidi anaweza kuagiza kitelezi kisogee kwa sekunde tano au kumi na kitamke muda badala ya asilimia, na kazi hiyo si kubwa.

Jicho lililobaki

Mwalimu si asiyeona kabisa, na toleo jipya lilimwumiza pia katika kile kidogo anachokiona. Rekodi zake hazina picha ya jalada, kwa hiyo programu iliweka picha yake ya kijivu hafifu, na juu ya picha hiyo ikaandika jina la wimbo kwa rangi nyeupe. Mimi siwezi kuhukumu rangi, basi tulitumia programu ya Accessibility Scanner ya Google, ambayo hupima utofautishaji wa maandishi, yaani jinsi rangi yake inavyoachana na ya nyuma yake, na ukubwa wa sehemu za kugusa; ikatupa uwiano wa 1.8 kwa 1. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na yaliyo makubwa angalau 3 kwa 1.

Mjukuu alipendekeza herufi zikuzwe hadi mwisho, na hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea. Kwa mtu ambaye uoni wake umebaki katikati tu, kama Mwalimu, herufi kubwa mno hutoka nje ya ile sehemu ndogo anayoiona. Badala ya kuona neno zima anaona herufi mbili au tatu, na inambidi alifuatilie neno kwa kugeuza kichwa. Jina refu liliposhindwa kuenea, programu ililifanya litembee kutoka kulia kwenda kushoto, na jicho lake halikuweza kulikimbiza. Kilichomfaa ni herufi za ukubwa wa wastani, nyeusi kabisa juu ya nyeupe au kinyume chake, zilizotulia mahali pamoja. Mgonjwa mwingine, ambaye ugonjwa umemla katikati na kumwachia pembeni, angehitaji ukuzaji mkubwa. Uoni hafifu si hali moja, na programu inayoheshimu mipangilio ya simu ya ukubwa wa herufi na utofautishaji humwachia kila mtu achague cha kwake.

Tulichofanya katika siku za kusubiri

Tulianza na kihesabu muda, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikimtesa. Tuligundua kwamba akitoka kwenye skrini ya wimbo na kurudi kwenye orodha, kihesabu hunyamaza, kwa sababu kisoma skrini hutangaza kilicho mbele yake tu. Kwa hiyo Mwalimu akajifunza kuanzisha rekodi kisha kuondoka mara moja, na kuisitisha kwa kugonga mara mbili kwa vidole viwili, ishara ambayo TalkBack ya matoleo ya karibuni huitambua popote mtumiaji alipo.

Halafu tukavipa vitufe majina wenyewe. TalkBack humruhusu mtumiaji kuongeza lebo yake kwenye kitufe kisicho na jina, ilimradi msanidi amekipa kitufe hicho kitambulisho ndani ya programu. Vitatu vilikubali, viwili vya pembeni vilikataa. Lebo ya namna hii ni kiraka tu. Haibadiliki pamoja na hali ya kitufe, hivyo kile tulichokiita “Cheza” kiliendelea kuitwa “Cheza” hata muziki ulipokuwa ukicheza na kazi yake ikiwa ni kusitisha, na Mwalimu, ambaye maisha yake yote amewafundisha watu kusoma alama kama zilivyoandikwa, alikwazwa na jambo hilo kuliko nilivyotarajia.

Vipokea sauti vya masikioni vilitupa faraja na mtego kwa wakati mmoja. Kubonyeza kitufe chake mara moja kulisitisha na kuendeleza rekodi bila neno hata moja, jambo ambalo lilimfurahisha sana. Akajaribu kubonyeza mara tatu akitumaini kurudi nyuma kidogo, na rekodi ya dakika 62 ikaanza upya kutoka mwanzo, maana mibonyezo mitatu ni amri ya kurudi kwenye mwanzo wa wimbo au kwenye wimbo uliotangulia.

Ni hapo nilipopata wazo ambalo kwa kweli ndilo lililoiokoa kazi. Kama hatua ya kitelezi ni asilimia 5 ya urefu wa faili, basi faili fupi ina hatua fupi. Nilihamishia rekodi kwenye kompyuta yangu na kuikata vipande vya dakika mbili mbili, vikawa 31, nikaviita kwa namba kuanzia 01, sifuri ikiwa mbele ili kipande cha 10 kisitangulie kile cha 2 kwenye orodha. Katika faili ya dakika mbili, asilimia 5 ni sekunde 6. Waimbaji wa alto walikuwa kwenye kipande cha 21, kuanzia dakika ya 1 na sekunde ya 10, na kila wakimaliza Mwalimu aliweza kurudi hatua mbili na kuwakuta tena mara moja. Jioni hiyo alikisikiliza kipande mara nyingi zisizo na idadi, na akabaini kwamba hawakuwa wameshusha noti wote kama alivyodhani. Sauti moja ilivuta pumzi mapema, wengine wakaifuata. Alipeleka maelekezo yake kesho yake.

Barua na majibu

Mwalimu hakutaka niwaandikie wasanidi. Alisema programu ni ya bure, na kwamba mtu asiyelipa hana haki ya kulalamika. Tulibishana kwa upole, kwa kuwa ni mkubwa wangu, lakini katika hili sikukubaliana naye na bado sikubaliani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unagusa upatikanaji wa teknolojia ya habari na mawasiliano katika ibara ya 9, na katika ibara ya 30 unatambua haki ya watu wenye ulemavu kushiriki katika maisha ya utamaduni kwa usawa na wengine. Kuusikiliza wimbo na kuurudia ni sehemu ya utamaduni kama ilivyo kuuimba. Kwa jambo la kawaida zaidi, wasanidi hawawezi kurekebisha wasichokijua, na mimi niliamini hawakuwa wakijua.

Barua niliyoiandika ilikuwa na toleo la programu, toleo la Android, toleo la TalkBack, kisha tatizo moja moja kwa mpangilio wa hatua: gusa hapa, utasikia hiki, ilipaswa kusikika kile. Niliambatisha rekodi ya sauti ya sekunde 40 ya kihesabu muda kikijikata juu ya muziki, kwa kuwa maelezo ya maandishi yasingeweza kumfanya mtu anayeona ahisi uchovu ule. Hesabu ya kitelezi niliiweka kama nilivyoieleza hapo juu.

Majibu yalikuja baada ya siku 11, ya heshima na ya wazi. Walieleza kwamba toleo la zamani lilijengwa kwa vitufe vya kawaida vinavyokuja na mfumo wa simu, na kwa kuwa vitufe hivyo vilikuwa na maneno juu yake, kisoma skrini kiliyasoma maneno bila wao kufanya chochote. Walipochora sura mpya kwa mkono, wakiweka alama badala ya maneno, hawakujua kwamba jina, aina na hali ya kila kitufe sasa ni jukumu lao. Hilo ndilo chimbuko la karibu kila kitu katika kisa hiki: ufikivu wa toleo la zamani ulikuwa wa kurithi, na aliyeurithi hakujua anao, basi akautupa pamoja na rangi za zamani.

Waliniuliza swali moja tu: je, Mwalimu angependa kihesabu muda kisitamkwe kabisa? Nilimsomea. Akajibu, “Waambie nikiuliza, nijibiwe, nisipouliza, ninyamaziwe.” Niliyapeleka maneno yake kama yalivyo.

Toleo lililofuata lilikuwa na majina kwenye vitufe vyote vitano, na kitufe cha katikati kikajiita “Sitisha” au “Cheza” kulingana na wakati. Vya kuchanganya na kurudia vilianza kutaja kama vimewashwa au vimezimwa. Kihesabu kilinyamaza, na kinatamka muda pale tu kidole kinapokigusa. Kitelezi kinasogea sekunde tano kwa hatua na kutaja dakika na sekunde. Jina la wimbo lilihamishwa kutoka juu ya picha na kuwekwa chini yake, jeusi juu ya nyeupe, na likaacha kutembea. Vitufe vya kurudi na kusonga sekunde 10 vimerudishwa kwenye skrini, na ishara ya kugonga picha imeachwa kwa wanaoipenda. Mwalimu alivipima kwa kidole na kusema ni vidogo kuliko vile vya zamani. Nikavipima kwa Accessibility Scanner, nikakuta vimefikia dp 48, kipimo ambacho Google inawashauri wasanidi wasikishuke, na ambacho ni kama milimita 9. Tofauti aliyoihisi ni ya kweli, ila haimzuii.

Kilichobaki ni kupanga upya orodha ya kucheza. Hadi sasa wimbo huhamishwa kwa kushikiliwa na kuburutwa, kitendo ambacho kwa kisoma skrini hufaulu mara moja na kushindwa mara tatu. Toleo la WCAG 2.2, lililotolewa Oktoba 2023, linataka kila kinachofanywa kwa kuburuta kiwe na njia nyingine ya kukifanya, na wasanidi wamesema wataongeza amri za “Sogeza juu” na “Sogeza chini” kwenye menyu ya kila wimbo. Kwa sasa, Mwalimu akitaka wimbo wa tisa uwe wa tatu, hubadilisha namba iliyo mwanzoni mwa jina la faili, jinsi tulivyofanya kwa vile vipande 31, ambavyo bado anavyo kwenye kadi yake na amekataa kuvifuta.